Picha Nyeusi za Bibi Nhan

Nyumbani kwetu tunatengeneza chapati za mchele, zile nyembamba za kukausha juani. Mama huwasha jiko kabla jua halijachomoza. Anamimina uji wa mchele kwenye kitambaa kilichowambwa juu ya chungu cha maji yanayochemka, anautandaza kwa kata, anafunika. Ukishaiva anauopoa kwa kijiti cha mwanzi. Mimi napokea chapati na kuzilaza kwenye vichanja, kisha nabeba vichanja na kuvipanga uani. Jua likipanda, uwanja wote unakuwa mweupe. Mgeni akiingia kwetu saa nne hukunja uso kwa mng'ao.

Bibi Nhan, mama yake baba, ana miaka themanini na mmoja. Kazi yake ni kukagua. Anakaa barazani na tambuu mdomoni, anashika chapati kavu moja moja na kuiinua kwenye mwanga. Iliyo nzima anaiweka kapu la kulia. Yenye tundu au ufa anaitupa kapu la kushoto, na anamtaja aliyeitandaza vibaya. Kwa kawaida anayetajwa ni mimi.

Mwaka jana Bibi alipata ugonjwa wa presha ya macho. Daktari wa mkoa alisema jicho la kulia limekwisha na halitarudi. La kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi, na tundu la mwanzi litaendelea kuwa dogo. Alimpa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Bibi alisikiliza yote. Tulipofika nyumbani alisema anataka kupigwa picha.

Hapa kwetu mzee hupigwa akiwa hai picha itakayowekwa kwenye meza ya wahenga, pale tunapowafukizia udi waliokufa. Si uchuro. Anachagua nguo, anachagua uso, na picha inangoja kabatini mpaka siku yake. Lakini Bibi alikuwa na sababu nyingine. Picha ya Babu iliyopo mezani ilikuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake cha zamani. Ilitoka na ukungu. Wajukuu wote tumekua tukimpigia magoti mtu asiye na macho.

"Babu yenu mmemwekea uso wa moshi," alituambia. "Mimi yangu nitaichagua mwenyewe, na nitaiona kwa jicho langu. Siku ya kumbukumbu yake nataka iwe tayari."

Siku ya kumbukumbu ya Babu ilikuwa imebaki siku kumi na mbili.

Kamera ya nyumbani ni ya kaka yangu Thuc. Aliniachia alipoenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha meli. Mimi ndiye pekee ninayeishika. Sipendi kusema mbele za watu, na mtu aliyeshika kamera haulizwi maswali.

Bibi alivaa vazi lake refu la mahameli nyeusi, akafunga kilemba. Nilitaka kuweka kiti katikati ya chumba kikubwa, aelekee mlangoni. Alikataa. Meza ya wahenga iko ukutani, mkabala na mlango mkuu. Akielekea mlangoni, atakuwa ameipa meza mgongo.

"Simpi babu yenu mgongo," alisema. "Hata kwa picha."

Kwa hiyo alikaa akiielekea meza, na mlango ukawa nyuma yake, wazi, na uwanja mweupe wa chapati nyuma ya mlango. Mimi nilipiga magoti pembeni ya meza nikampiga picha ishirini. Tukaziangalia kwenye kioo cha nyuma ya kamera, mle mle ndani. Kioo kiliwaka kama taa. Mama akasema nzuri. Mimi nikaona nzuri. Nikampelekea kadi ya kamera Dada Diep, mwenye studio sokoni, akasafisha moja kubwa.

Niliifungua bahasha barazani. Kwenye picha uwanja ulikuwa wa kijivu. Mbele yake palikuwa na kitu cheusi chenye kilemba.

Bibi aliisogeza kwenye jicho la kushoto. Akaipeleka juu, akaishusha, akaitafuta.

"Mmenipiga mimi," aliuliza, "au mmepiga sufuria?"

Jumapili alikuja Baba Mkubwa Khoat, mtoto wa kwanza wa Bibi. Anakaa mjini na ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo. Yeye ndiye angetengenezesha fremu. Hakuiangalia sana ile picha ya karatasi. Alitaka kuona kamera. Nikamwonyesha kwenye kioo, ndani ya chumba kikubwa, na kioo kikawaka vilevile.

"Mama, picha ni safi," alisema. "Mimi hapa naiona vizuri kabisa. Tusidanganyane. Ni macho yako."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Mama yangu alitazama chini. Baba alikuwa amepeleka mzigo kwa pikipiki, hakuwepo.

Bibi akanigeukia mimi. "Thoa. Wewe ndiye uliyepiga. Unaionaje?"

Mimi nilikuwa nimeiona ile karatasi. Ilikuwa nyeusi, na nilijua ni nyeusi. Lakini Baba Mkubwa alikuwa ananitazama, na nikisema nyeusi maana yake ni kwamba yeye amekosea na mimi nimeharibu. Nikasema, "Anavyosema Baba Mkubwa ni kweli, Bibi."

Bibi hakupaza sauti. Aliingiza mkono kwenye kapu la kushoto, akatoa chapati moja, akaiinua, akaigeuza kidogo. Kisha akampa mwanawe. Alimwambia kuna tundu la sindano karibu na ukingo, amwonyeshe. Baba Mkubwa alilitafuta, akavua miwani, akaifuta, akalitafuta tena. Hakuliona. Bibi akaweka ukucha wake juu ya tundu.

"Hili naliona," alisema. "Uso wangu mwenyewe nisiuone?"

Tangu siku hiyo Bibi hakula na sisi. Mama alipompelekea uji na mchuzi wa samaki, aliuacha upoe, kisha akaula peke yake barazani, ametugeuzia kisogo. Mtu ambaye hampi marehemu mgongo alitupa sisi wazima mgongo siku nne. Chapati alikagua, na zote alizotupa kapu la kushoto alisema ni zangu, hata zile za mama.

Na mimi nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Baba Mkubwa kwa miwani yake. Niliikasirikia kamera. Nilimkasirikia Bibi kwa kuniuliza mimi mbele ya watu. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe, ila hiyo nilikuwa naizunguka kama shimo.

Baba Mkubwa akapiga simu. Alikuwa amefikiri, akaona kosa ni la wino wa studio. Akaniagiza niende nimwambie Diep asafishe upya, bure, na safari hii atumie wino mzuri.

Dada Diep ana miaka thelathini na tano na sauti ya mtu anayeuza samaki. Anapiga picha za vitambulisho, za harusi, na za bidhaa za watu wanaouza kwenye simu. Nilimfikishia ujumbe huku naangalia kaunta.

"Wino wangu," alisema. "Rudia, sijasikia vizuri."

Nikarudia kwa sauti ndogo zaidi.

Hakunifukuza. Alivuta droo akatoa picha ya mtoto aliyekaa kwenye beseni, akaitupa mbele yangu. Weupe wa beseni ulikuwa weupe, mashavu yalikuwa mashavu. Akasema picha hiyo na ya bibi yangu zilitoka kwenye mashine ileile, asubuhi ileile, kwa tofauti ya dakika kumi. Kama wino ni mbovu, basi ulimchagua bibi yangu peke yake katika soko zima.

"Kila wiki nalaumiwa mimi," aliendelea. "Mtu anapiga picha ya mkaa, analeta kwangu, anataka nimtolee mwezi. Lete kamera."

Nilikuwa nayo mkobani. Akanitoa nje, kwenye jua kali mbele ya studio, akaniambia nitazame picha ileile kwenye kioo cha kamera. Sikuona kitu. Ilikuwa kama kipande cha bati. Akanirudisha ndani, nyuma ya pazia ambako huwa anapigia vitambulisho, nikatazama tena. Ilikuwa ya kupendeza.

"Picha imebadilika?" aliuliza.

"Haijabadilika."

"Basi nani muongo?"

"Kioo."

"Kioo. Gizani kinakusifu, juani kinakutukana. Usikiulize kama picha ina mwanga. Kiulize kama mtu hajafumba macho, basi."

Akabonyeza kitufe mara mbili. Juu ya picha kikatokea kimchoro kidogo, kama kilima. Akasema kilima hicho hakijali uko juani au gizani. Kushoto ni giza, kulia ni mwanga. Picha ya kawaida kilima chake kinakaa popote katikati, kinapanda na kushuka. Kilima kikisukumana chote upande wa kushoto, kama watu wamekimbilia ukuta, picha ina giza. Nikakiangalia cha Bibi. Kilikuwa kimebanana kushoto, hata juu hakikutosha.

Niliuliza kama kompyuta haiwezi kumng'arisha. Aliifungua picha kwenye kompyuta akavuta mwanga juu. Uso wa Bibi ukatokea, lakini ulikuwa na chembechembe nyekundu na kijani, kama mtu aliyelala kifudifudi kwenye mchanga. Akasema kompyuta inaweza kusaidia kidogo. Kitu ambacho kamera haikukiona kabisa, kompyuta itakibuni tu.

Kisha akauliza Bibi alikaa vipi. Nilimchorea kwa kidole kwenye kaunta: meza ya wahenga hapa, kiti hapa, mlango hapa, uwanja wa chapati hapa. Aliuangalia mchoro wangu usioonekana kwa muda.

"Umemweka bibi yako mbele ya jua," alisema, "halafu ukataka kamera imhurumie."

Akanieleza. Kamera haimjui bibi wala mlango. Inajua mwanga tu. Inapenda picha nzima iwe ya wastani, isiwe nyeupe sana wala nyeusi sana. Ikielekezwa kwenye kitu cheupe kingi, inadhani mwanga umezidi, basi inajifumba, kama mimi nikitoka jikoni kwenda uani saa nne. Ikijifumba, weupe unageuka kijivu, na mtu aliye kivulini mbele ya weupe huo anapotea.

Nikasema, taratibu, "Kwa hiyo kamera ndiyo iliyofumba macho."

"Kamera ilifumba macho," alisema Diep. "Na nyinyi watu wazima, na miwani yenu, mkaenda kumwambia mzee kwamba kipofu ni yeye."

Sikuwa nimemsimulia habari ya Jumapili ile ili anitukane. Nilikuwa nimemsimulia kwa sababu alikuwa ameniuliza mbona Baba Mkubwa hakuja mwenyewe. Lakini maneno yalinichoma mahali pake.

Alianza kuikagua kamera kama Bibi anavyokagua chapati. Chini ya kioo palikuwa na mstari mdogo wenye sifuri katikati, alama ya kujumlisha kulia na ya kutoa kushoto. Alama hizo nilizijua. Nilifika darasa la nne. Mshale mdogo haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa kwenye kutoa mbili.

"Nani aliuweka hapa?"

Nikakumbuka. Sikukuu ya Tet, mwaka mpya wetu, Thuc alipiga picha za taa za rangi. Taa zilikuwa zinaungua kwenye picha, akapunguza mwanga ili rangi zibaki. Kisha akaondoka. Diep akasema kamera ya aina hii haisahau. Ukiizima na kuiwasha, bado inapunguza. Ndiyo maana picha zangu zote tangu Tet, za bata, za mama jikoni, zilikuwa na giza, na mimi nilidhani kamera imezeeka.

Nilifurahi. Nilidhani kosa limepatikana, nikanyoosha mkono kuichukua kamera niende. Diep akaishika.

"Umepata kosa moja. Unajua kama ni moja?"

Akarudisha mshale kwenye sifuri, akaenda kusimama mlangoni pa studio, barabara yenye jua nyuma yake, akaniambia nimpige. Nikampiga. Uso wake ulikuwa bado na giza. Akasema badilisha kitu kimoja tu, usibadilishe viwili, la sivyo hutajua kipi kimekuponya. Nikasogeza mshale kujumlisha moja. Uso ukaanza kutokea. Kujumlisha mbili, akatokea hadi vinyweleo vya nyusi, lakini barabara nyuma yake ikawa nyeupe tupu.

Nikamwambia barabara imeungua.

"Unampiga nani, mimi au barabara?"

Kisha akarudisha sifuri, akanifanya tubadilishane nafasi. Mimi nje, mgongo kwenye barabara, yeye mlangoni akitazama nje. Mshale haukuguswa. Uso wake ukatoka wazi, na duka nyuma yake likabaki kivuli kizuri. Sikuhitaji kuambiwa. Mwanga ulikuwa umemwangukia yeye, badala ya kuniangukia mimi.

Akasema taa ya kamera nayo inaweza kusaidia kama mtu hawezi kugeuka, lakini nguvu yake ni hatua tatu nne tu, na mzee itamfanya uso kuwa bapa kama sahani. Kwanza mgeuze mtu. Ukishindwa, jumlisha. Mwishowe ndiyo taa.

Nilipokuwa natoka aliniita. "We Thoa. Ulipoiona ile karatasi imetoka nyeusi, mbona hukurudi siku ileile kuuliza? Mdomo unao?"

"Ninao."

"Haya. Usiufungie kabatini na nguo za sikukuu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na hasira niliyokuwa naizunguka nikaingia ndani yake. Bibi alikuwa barazani, ametugeuzia kisogo kama kawaida. Kwa mara ya kwanza sikukaa nyuma yake. Nilizunguka nikachutama mbele, mahali ambapo jicho lake la kushoto lingenipata.

"Bibi," nilisema, "macho yako hayana kosa. Picha ilikuwa nyeusi. Mimi pia niliiona nyeusi."

Taya zake ziliacha kutafuna. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Na ukasema mimi ndiye sioni."

Alitema tambuu kwenye kopo. Nilidhani atanipiga, na nisingesogea. Aliniambia kwamba kuwa kipofu hakumwogopeshi, alishajiandaa. Kinachomwogopesha ni kuambiwa haoni kitu ambacho anakiona, kwa sababu siku watakapozoea kumwambia hivyo, watamwambia hata uji mchafu ni msafi. Aliyasema yote hayo bila kunitazama, huku akipanga chapati upya kwenye kapu ambalo lilikuwa limeshapangwa.

Kisha akasema, "Nipige tena. Ukinitoa sufuria tena, nitakupikia humo humo."

Tatizo likabaki lilelile: meza ya wahenga. Kiti kikielekea mlango, Babu anapewa mgongo. Mama alishauri tufunike meza kwa kitambaa kwa dakika kumi. Bibi alimtazama mpaka mama akakumbuka ana kazi jikoni.

Niliuzunguka uwanja. Jiko letu ni jengo la pembeni. Limekaa ubavuni mwa nyumba kubwa, na mlango wake unaelekea uwanjani. Mtu akikaa chini ya paa la jiko, akitazama uwanja, meza ya wahenga iko upande wake wa kulia, mbali, wala haioni mgongo wake. Jua halimpigi moja kwa moja. Na mbele yake iko nini? Vichanja vyangu. Weupe mtupu.

Nikasimama pale chini ya paa mwenyewe nikatazama viganja vyangu. Vilikuwa vimejaa mwanga. Chapati zilezile zilizomfunika Bibi giza zilikuwa zinanirudishia jua.

Nilianza kubeba vichanja. Nikaviegemeza viwili, vitatu, upande wa kushoto wa kiti, kama ukuta mdogo unaomtazama Bibi. Mama alitoka akiuliza nani kaniruhusu kusogeza chapati mbichi, zitapasuka, na kesho kuna oda. Huwa nikigombezwa naacha. Siku hiyo nilisema, "Zikipasuka nitazitandaza upya mimi." Mama alisimama na kata mkononi. Kisha akanisaidia kushika kichanja cha nne.

Bibi akakaa. Mahameli nyeusi, kilemba, mikono magotini. Nyuma yake ulikuwa ukuta wa jiko, mweusi kwa masizi ya miaka.

Kabla ya kupiga niliangalia mshale. Sifuri. Nikapiga moja, nikafungua kilima. Safari hii kilisukumana kulia, na paji la uso wa Bibi lilikuwa linang'aa mno. Nilishtuka, kisha nikaelewa. Ukuta mweusi na nguo nyeusi vilikuwa vimeidanganya kamera kwa upande mwingine: iliona giza jingi, ikatoa macho. Kwenye weupe mwingi unajumlisha. Hapa palitaka kutoa. Nikasogeza mshale hatua moja ndogo kushoto, nikapiga. Kilima kikakaa. Nikapiga na ya pili, hatua moja ndogo zaidi, ili tuwe na ya kuchagua.

"Bado?" aliuliza Bibi.

"Bado kidogo. Tuliza kidevu."

"Kidevu changu kimetulia tangu hujazaliwa."

Hapo ndipo nilipopiga ile tuliyoichagua.

Dada Diep aliisafisha bila kuigusa kwenye kompyuta. Aliiangalia karatasi ikitoka kwenye mashine, akaipuliza ingawa haikuwa na vumbi, akaniambia nimsalimie bibi yangu na nimwambie wino ni uleule.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza kwenye jicho. Alianza juu, kwenye kilemba, akashuka polepole, kama anavyofanya sasa kwa kila kitu, kipande kimoja baada ya kingine. Paji. Nyusi. Alisimama kwenye nyusi ya kushoto, penye kovu la kata ya moto alilopata akiwa msichana, akitandaza uji kama mimi. Akagusa kovu kwenye karatasi, kisha akagusa lake.

"Huyu namjua," alisema.

Jioni ile alikula mezani. Alilalamika samaki ana chumvi, mama akatabasamu.

Siku ya kumbukumbu ya Babu nyumba ilijaa. Baba Mkubwa Khoat alifika na fremu nzuri ya mbao. Bibi alimwita barazani kwenye mwanga, akampa picha mbili, ya kwanza na ya pili. Akamwambia avae miwani. Baba Mkubwa alizitazama kwa muda. Akasema hii ya pili ni nzuri zaidi.

"Ile ya kwanza ilikuwa na nini?" Bibi aliuliza.

Baba Mkubwa alisema mambo ya kamera za siku hizi, ya studio, ya hali ya hewa. Bibi alingoja amalize, kisha akauliza tena vilevile.

"Ilikuwa nyeusi, Mama."

"Kamwambie baba yako."

Alidhani ni mzaha. Bibi akamwelekeza kwa kidole meza ilipo. Baba Mkubwa Khoat, mwenye miaka hamsini na nane, alivua viatu, akaingia, akawasha vijiti vitatu vya udi, akainama mbele ya baba yake mwenye uso wa moshi. Akasema kwa sauti ya kusikika barazani kwamba picha ilikuwa nyeusi, mama alisema kweli, na yeye alimwambia ni macho yake. Bibi akamwambia aongeze kuwa haitarudiwa. Akaongeza.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Bila kuitwa, niliingia nikawasha kijiti changu cha udi.

Picha ya Bibi iko kabatini, imefungwa kwa kitambaa chekundu, inangoja. Hatuna haraka nayo. Kiti cha picha hakijaondoka chini ya paa la jiko. Wazee wa kijijini huja wakiwa na vilemba vyao, na wengine huja na wajukuu wao wenye simu zinazotoa nyuso za giza. Ninawaambia niliyofundishwa: mwanga umwangukie mtu, mshale uwe kwenye sifuri kabla hujaanza, na ukimaliza uurudishe.

Mtu akitaka kumwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, Bibi anakisukuma kando.

"Niletee karatasi," anasema.

Akiletewa, anaiinua kwenye mwanga na kuisogeza mbele ya jicho lake, polepole, kutoka juu hadi chini. Nzuri anairudisha kwa mwenyewe. Yenye giza anaitupa kapu la kushoto, pamoja na chapati zenye matundu, na ananitaja.